Je, Wajua? Mwanga Unaosoma Kuta za Tumbo

Mwaka 2022 watu wapatao 968,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, na takriban 660,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hesabu inatisha. Lakini saratani hii ina tabia moja inayompa daktari nafasi: hujiandaa kwa miaka mingi, na muda wote huo huacha alama kwenye ukuta wa tumbo. Alama hizo ni ndogo mno, jicho huzipita bila kujua. Mwanga ukichaguliwa vizuri, zinajitokeza, na namna zinavyojitokeza ndiyo iliyonifanya nikusanye haya.

Tumbo hugeuka utumbo kabla ya kugeuka saratani

Katika safari ya kuelekea saratani, sehemu za ukuta wa mfuko wa chakula huacha kazi yao na kuanza kuota seli za utumbo, ambazo makazi yake ni chini zaidi, chakula kikishatoka tumboni. Madaktari huita hali hiyo metaplasia ya utumbo. Mgeni mkuu ni seli yenye umbo la kikombe iliyojaa ute: utumboni imejaa tele, ila katika tumbo lenye afya huikuti. Karibu kila chombo utakachosoma habari zake hapa kinamsaka mgeni huyo, au nyayo zake.

Ngazi ni ndefu, na wengi hawafiki juu

Mtaalamu wa patholojia mzaliwa wa Kolombia, Pelayo Correa, alieleza mwaka 1975 kwamba saratani ya tumbo hupanda kwa hatua. Kwanza ukuta huvimba kwa muda mrefu, kisha tezi zake hunyauka, halafu huja metaplasia, halafu displasia, yaani seli zinaanza kuvurugika, na mwisho saratani yenyewe.

Huko Sweden watafiti walifuatilia rekodi za watu zaidi ya 400,000 waliowahi kuchukuliwa vinyama tumboni, kisha wakakadiria nini hutokea ndani ya miaka 20. Kwa wenye ukuta wa kawaida, mmoja kati ya 256 hupata saratani ya tumbo. Kwa wenye uvimbe ni mmoja kati ya 85, walionyauka tezi mmoja kati ya 50, wenye metaplasia mmoja kati ya 39, na wenye displasia mmoja kati ya 19. Naipenda hesabu hii kwa sababu inafanya kazi mbili kwa mpigo. Aliyeambiwa ana metaplasia anapata kujua kwamba wenzake 38 kati ya 39 hawakuugua saratani katika kipindi hicho, na daktari anajua nani wa kumwita tena kwa uchunguzi.

Daktari alikunywa bakteria ili aaminiwe

Mwaka 1984 daktari kijana wa Australia, Barry Marshall, alijimiminia kinywani mchuzi uliojaa bakteria hai, na baada ya siku chache tumbo lake lilikuwa limevimba. Mwenzake Robin Warren, mtaalamu wa patholojia mjini Perth, alikuwa ameviona vijidudu hivyo vilivyopinda tangu 1979, kwa hadubini ya kawaida na rangi ya madini ya fedha, enzi ambazo wengi waliamini asidi ya tumbo haiachi kiumbe hai. Maabara ilishindwa kuviotesha hadi Pasaka ya 1982, sahani zilipoachwa kwenye kabati la joto muda wote wa sikukuu. Kumbe vilihitaji siku zaidi tu!

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, amekadiriwa kuishi katika matumbo ya karibu nusu ya watu wote duniani, na ndiye anayewapandisha wengi ile ngazi ya Correa. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Warren na Marshall walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Habari njema ni kwamba hutibika kwa dawa za antibiotiki.

Bakteria huyo ni mpangaji wetu wa kale

Vinasaba vya Helicobacter vinaonyesha kwamba alitoka Afrika pamoja na binadamu, kama miaka 60,000 iliyopita, akiwa tumboni mwa wasafiri. Alikutwa hata katika maiti ya Ötzi, yule mtu aliyegandia kwenye barafu ya milima ya Alps miaka ipatayo 5,300 iliyopita.

Hapa ndipo penye fumbo linalotuhusu. Afrika ina bakteria huyu kwa wingi, lakini saratani ya tumbo imeripotiwa kwa uchache kuliko ambavyo ungetarajia. Na ndani ya Afrika yenyewe mambo hayalingani: tafiti za karne iliyopita zilionyesha ugonjwa ukijitokeza zaidi katika nyanda za juu, kama Rwanda, Burundi, Kivu, kusini magharibi mwa Uganda na miteremko ya Kilimanjaro. Wataalamu wametaja chakula, aina ya bakteria, umri wa watu na uchache wa vipimo, na mjadala bado ni mtamu.

Wa kwanza kuchunguzwa tumbo alikuwa mmeza panga

Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alitaka kuona ndani ya tumbo la mtu hai, lakini bomba lake lilikuwa la chuma, limenyooka, lenye urefu wa sentimita 47. Nani angelimeza? Alimwita mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza panga mbele ya watu. Bomba lilishuka bila tabu. Kilichomwangusha Kussmaul kilikuwa taa, kwani mwanga wake haukutosha kule chini, na tangu hapo historia yote ya kuchungulia tumbo imekuwa historia ya kutafuta mwanga bora.

Kamera ya kwanza ilipiga picha bila kuona

Mwaka 1950, nchini Japani, daktari Tatsuro Uji pamoja na wahandisi wa kampuni ya Olympus walitengeneza kamera ndogo ya filamu iliyomezwa na mgonjwa. Aliyeipiga hakuona chochote hadi filamu isafishwe. Chumba kilitiwa giza, naye akakisia kamera ilipo kwa kutazama mwako wa balbu ukipenya ngozi ya tumbo kutoka ndani.

Aliyelegeza bomba alizaliwa Afrika Kusini

Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alisoma habari za nyuzi za kioo zinazobeba picha, akaenda kuzifanyia kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Shida ilikuwa moja: nyuzi zikigusana, mwanga huvuja kutoka uzi hadi uzi na picha huharibika. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Larry Curtiss, aliitatua mwishoni mwa 1956 kwa kuuvika kila uzi koti la kioo cha aina nyingine. Miezi michache baadaye, mwaka 1957, Hirschowitz alikimeza chombo kilichotengenezwa kwa nyuzi hizo yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Koti hilohilo la kioo ndilo linalozuia mwanga usivuje katika nyuzi za intaneti zilizotandazwa chini ya bahari.

Rangi mbili zinaona kuliko rangi zote

Ungedhani mwanga mweupe, wenye rangi zote za upinde wa mvua, ndio unaoonyesha zaidi. Tumboni mambo ni kinyume. Ukizichuja rangi zote na kubakiza bluu ya nanomita 415 na kijani ya nanomita 540, mishipa midogo ya damu inaruka machoni. (Nanomita hapa hupima urefu wa wimbi la mwanga, nayo ni kipimo kidogo hasa: unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000.) Siri iko kwenye himoglobini, ile inayoipa damu wekundu: inazimeza rangi hizo mbili kwa pupa. Bluu haizami ndani, hivyo huchora mishipa ya juu kabisa kwa rangi ya kahawia. Kijani huzama zaidi kidogo na kuchora ya chini.

Mbinu hii iliingia mahospitalini katikati ya miaka ya 2000. Daktari hubonyeza kitufe tu, kamera ikiwa bado ndani, na ramani ya damu inatokea. Hakuna rangi inayomwagwa wala sindano inayochomwa.

Ukingo wa buluu unaotoboa siri

Mwaka 2006 madaktari wa Osaka, wakiongozwa na Noriya Uedo, waliripoti mstari mwembamba wa buluu iliyopauka unaong'aa kwenye kingo za vilima vidogo vya ukuta wa tumbo, ukitazamwa kwa mwanga wa rangi mbili. Palipo na mstari huo, mara nyingi pana metaplasia. Seli za utumbo zina kichwani manyoya mafupi yaliyosongamana, yasiyoonekana hata kwa kamera yenyewe, na manyoya hayo hurudisha mwanga wa bluu. Yaani kitu ambacho huwezi kukiona kinajionyesha kwa rangi.

Kipande cha tumbo kinachonyonya mafuta

Kazi ya kunyonya mafuta ni ya utumbo. Tumbo halina habari nayo. Lakini madaktari wa Fukuoka, akiwemo Kenshi Yao, walikuta katika baadhi ya matumbo utando mweupe mzito unaoficha mishipa, na walipouchunguza wakakuta vitone vya mafuta ndani ya seli. Ukuta uliokwisha kugeuka utumbo ulikuwa umeanza pia kufanya kazi ya utumbo!

Hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Seli zimekosea makazi, ila kazi zao hazijazisahau, na mafuta ya mlo wako wa jana yanaweza kumsaidia daktari kuziona.

Tumbo zima lina viti vya pweza

Tazama kwa karibu ukuta wa tumbo ambao haujaguswa na Helicobacter: umetapakaa vidoa vyekundu vilivyopangika kwa nafasi sawa, kila kimoja na vijimkono pembeni, mfano halisi wa kiti cha pweza ufukweni. Ni mishipa midogo inayokusanya damu. Mpangilio huo ukivurugika au kupotea, daktari hushuku bakteria hata kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Saratani changa huchora mpaka

Kamera za kisasa zinakuza mara 80 hivi, nazo huvaa kofia nyeusi ya mpira kwenye ncha ili zikae milimita 2 tu kutoka ukutani bila kutikisika. Katika ukuzaji huo Yao na wenzake hutafuta vitu viwili: mstari wa mpaka unaotenga kipande na majirani zake, na ndani ya mpaka huo mishipa au vishimo vilivyopoteza mpangilio. Metaplasia hufifia polepole kando kando. Saratani changa mara nyingi huweka mpaka.

Siki husema ukweli hadi tumboni

Wanawake wengi wa Kenya na Tanzania wanakijua kipimo cha siki cha mlango wa kizazi: muuguzi hupaka asidi ya siki, na sehemu yenye mashaka hugeuka nyeupe. Siki hiyohiyo, ikiwa imepunguzwa nguvu hadi asilimia 1.5 hivi, hunyunyizwa tumboni kupitia kamera, ila huko inasomwa kwa kugeuza. Ukuta mzima hupauka kwa muda, kisha palipo na saratani changa weupe huondoka mapema na wekundu hurudi kabla ya majirani. Daktari anachofanya ni kusubiri na kutazama nani kaacha foleni.

Dawa ya malaria iliyogeuka kalamu

Buluu ya methilini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1876 kwa ajili ya kutia nguo rangi. Mwaka 1891 Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria, ikaingia katika historia kama dawa ya kwanza ya kiwandani kutumika dhidi ya malaria. Miaka ya 1970 Wajapani waliimwaga tumboni na kugundua jambo zuri: seli za tumbo haziinyonyi, seli za utumbo zinainyonya. Osha kwa maji, na mabaka ya metaplasia yanabaki ya buluu.

Leo rangi hiyo ina kazi nyingine tena. Ipo hadubini ndogo inayoingia pamoja na kamera, inagusa ukuta uliopakwa rangi, na kukuza zaidi ya mara 500, kiasi cha kuonyesha viini vya seli moja moja mgonjwa akiwa amelala kitandani.

Majibu ya maabara yanategemea mti wa Meksiko

Vinyama vinavyotolewa tumboni huwa na milimita 2 au 3 tu. Vinalowekwa kwenye fomalini, vinagandishwa ndani ya nta, vinakatwa vipande vyembamba vya mikromita chache, kisha vinatiwa rangi. Rangi ya zambarau inayochora viini vya seli, hematoksilini, hutoka katika gogo la mti wa pwani ya Campeche, mti ambao zamani maharamia waliugombania kwa ajili ya kutia nguo rangi.

Mwongozo wa Sydney unaotumiwa na madaktari wengi unataka vinyama vitano kutoka sehemu maalumu za tumbo. Vitano! Metaplasia huota kwa mabaka, huku ipo na pale haipo, na mkono unaweza kuruka baka kabisa. Ndiyo sababu ya shauku yote hii ya kuipeleka hadubini kwa ukuta badala ya kuuleta ukuta kwa hadubini.

Tundu dogo la Marvin Minsky

Mwanzilishi mmoja wa akili mnemba, Marvin Minsky wa Marekani, ndiye aliyebuni pia hadubini ambayo leo inaingia tumboni. Ilikuwa mwaka 1957, alipoomba hataza akiwa bado kijana. Tatizo la kutazama nyama nene kwa hadubini ni lilelile la kuwasha taa kubwa za gari ndani ya ukungu: mwanga unarudi kutoka kila mahali na kukupofusha. Minsky aliweka tundu dogo mbele ya jicho la hadubini, likaruhusu tu mwanga unaotoka kwenye nukta moja ya kina kimoja. Nukta baada ya nukta, picha inajengwa, safi, kana kwamba nyama imekatwa na hali haijaguswa.

Ilibidi kwanza leza na kompyuta zimkute njiani, na hilo lilichukua miongo kadhaa.

Rangi iliyoupeleleza mto Danube sasa inapeleleza seli

Mwaka 1877, kusini mwa Ujerumani, watu walimwaga kilo 10 za fluoresini mahali ambapo maji ya mto Danube huzama ardhini. Saa kama 60 baadaye chemchemi ya mto Aach, kilomita zipatazo 12 kutoka hapo, iling'aa kijani kibichi. Kumbe Danube ilikuwa ikivujia kwa jirani kupitia mapango!

Rangi hiyo leo huchomwa kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa. Inasafiri na damu hadi ukuta wa tumbo, na pale ncha ya kamera inapomulika leza ya bluu ya nanomita 488, tishu hurudisha mwanga wa kijani. Mwaka 2004 timu ya Ralf Kiesslich huko Mainz, Ujerumani, ilichapisha picha za kwanza za seli za binadamu aliye hai zilizokuzwa mara 1,000 hivi kwa namna hii, zikitoka kwenye utumbo mpana. Tumbo lilifuata. Na yule mgeni wetu, seli ya kikombe? Ute wake haunywi rangi, hivyo kila kikombe kinabaki doa jeusi katikati ya mwanga, na metaplasia inahesabika kwa macho.

Mgonjwa huondoka na ngozi ya manjano kidogo, na mkojo wa rangi kali, kwa saa chache. Huisha yenyewe.

Utaziona seli za damu zikipita

Chini ya leza hiyo mishipa inang'aa, na seli nyekundu za damu zinapita ndani yake kama vidoa vyeusi, moja baada ya nyingine, kwa kasi ya moyo wa mgonjwa. Pumzi yake ikipanda, picha nzima inapanda. Kipande kilichokaushwa cha maabara hakiwezi kukuonyesha damu ikitembea, na mtiririko wenyewe ni habari, kwa sababu uvimbe wa saratani hujenga mishipa iliyopinda na inayovuja.

Hata hivyo hadubini hii haioni kina kirefu. Huishia kwenye robo ya milimita hivi. Bahati nzuri ngazi ya Correa huanzia hapohapo juu.

Tukio la mara moja katika miaka milioni 10

Simama juani mchana. Molekuli moja nzuri ya rangi humeza chembe moja ya mwanga, fotoni, karibu kila sekunde. Lakini kumeza fotoni mbili kwa wakati mmoja? Wanafizikia walikadiria kwamba ungengoja miaka milioni 10. Maria Göppert-Mayer, binti wa Göttingen, alikuwa amelitabiri tukio hilo la ajabu katika utafiti wake wa udaktari mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hesabu peke yake, zaidi ya miaka 25 kabla leza haijakuwepo. Baadaye alishinda Nobel ya fizikia, kwa kazi nyingine kabisa.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb walilifanya tukio la miaka milioni 10 kuwa la kila mara. Walitumia leza inayopiga makofi ya mwanga mafupi kupita kiasi, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, fotoni zikiwa zimesongamana ndani ya nukta moja. Mwanga huo ni mwekundu usioonekana, hupenya nyama vizuri kuliko bluu, na hauwashi kitu ila pale unapokutania.

Faida yake kwa tumbo inapendeza: rangi haihitajiki kabisa. Kila seli ina kemikali ya nishati iitwayo NADH, nayo hung'aa yenyewe ikipigwa na fotoni mbili. Tezi za tumbo zinaonekana zikiwa mbichi, bila fomalini, bila nta. Seli zikianza kuvurugika, umbo lao na namna zinavyotumia nishati hubadilika, na mng'ao hubadilika nao. Kazi hii bado hufanyika zaidi maabara, kwenye vipande vilivyokwisha kutolewa.

Kolajeni hupunguza wimbi la mwanga nusu

Ingiza mwanga wa nanomita 800 kwenye nyuzi za kolajeni, zile zinazoshikilia nyama za mwili pamoja, na sehemu yake itatoka ikiwa na nanomita 400: mwekundu usioonekana umeingia, zambarau imetoka. Hadubini ileile ya fotoni mbili hunasa mwanga huo na kuchora mifupa ya ukuta wa tumbo, ambayo saratani hubomoa inapojipenyeza.

Swali la rangi ya bahari lilifika tumboni

Mwaka 1921 C. V. Raman, mwanafizikia wa India, alikuwa melini katika bahari ya Mediterania akajiuliza kwa nini maji ni ya buluu. Swali hilo lilimsukuma hadi ugunduzi wa Kolkata mwaka 1928: fotoni chache mno, kama moja kati ya milioni 10, zikigonga molekuli hurudi zimebadilika rangi kidogo, na kila molekuli ina badiliko lake. Alipata Nobel mwaka 1930.

Huko Singapore, timu ya Huang Zhiwei ilipitisha uzi wa kioo ndani ya kamera ya tumbo, ikasoma mabadiliko hayo moja kwa moja kutoka ukutani, kwa chini ya sekunde moja. Chombo hakipigi picha ya seli. Kinasoma kemia yake, protini, mafuta na vinasaba, na kwa hiyo kinaweza kutofautisha ukuta wa kawaida na metaplasia au displasia hata pale umbo linapodanganya.

Sekunde 47 kwa picha 2,296

Mwaka 2018 timu ya Kijapani ilichapisha matokeo ya programu ya akili mnemba iliyofunzwa kwa picha 13,584 za saratani ya tumbo. Ilipopewa picha mpya 2,296, ilizimaliza kwa sekunde 47 na kuona saratani 71 kati ya 77. Ilipiga pia kelele nyingi za bure: kila ilipotaja saratani mara tatu, karibu mara mbili ilikuwa imekosea, mara nyingi ikidanganywa na uvimbe wa kawaida au metaplasia yenyewe. Hivyo programu inanyoosha kidole, na daktari anageuza kamera kutazama tena.

Dakika 7 zina thamani ya mashine

Watafiti wa Singapore waliwagawa madaktari wa kamera makundi mawili: wanaotumia wastani wa dakika 7 au zaidi kwa kipimo, na wanaomaliza mapema. Wale wa taratibu walikuta vidoa vya hatari mara mbili zaidi. Jambo jingine la bei nafuu ni povu: mgonjwa hunyweshwa kwanza dawa ya kuondoa gesi na mapovu, ileile wanayopewa watoto wachanga wenye msokoto, ili ukuta uwe safi. Ukisikia kipimo chako kimechukua muda, furahi.

Kisu chenye mpira wa kauri

Kidoa kikiwahiwa kikiwa bado kwenye tabaka la juu, hakuna haja ya kupasua tumbo. Daktari huchoma maji chini yake ili kiinuke, kisha hukizunguka na kukichuna kwa kisu cha umeme kilichopitishwa mdomoni. Kisu kimojawapo kilichobuniwa Tokyo, katika Kituo cha Taifa cha Saratani, miaka ya 1990, kina mpira mdogo wa kauri kwenye ncha: kauri haipitishi umeme, hivyo makali hukata pembeni bila kutoboa ukuta. Waliotibiwa saratani ya tumbo katika hatua hiyo changa, zaidi ya asilimia 90 huwa hai miaka 5 baadaye, na waliochunwa kwa kisu hiki huendelea kula kwa tumbo lao lilelile.